Mabati ya Mjomba na Meli ya Serikali

Haya niliyaandika Septemba 2014 kwenye daftari la hesabu, nikiwa na likizo ya siku kumi na nne na mabati thelathini na sita ya kufikisha. Nimeyanyoosha kidogo tu. Pale nilipoongeza jambo lililotokea baadaye, nimesema.

Jumanne, Kigoma mjini

Mjomba alinipigia mwezi wa saba. "Mama," akasema (ananiita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake), "nyumba imesimama. Imebaki kofia." Kofia ni paa. Anaishi kijiji kimoja karibu na Kalya, kusini ya mkoa wa Kigoma, ng'ambo ya milima ya Mahale. Jina la kijiji silitaji, hajaniruhusu. Barabara ya kwenda huko ipo kwenye ramani. Kwa wenyeji, barabara ni ziwa.

Leo nimenunua mabati pale Mwanga, geji 30, mabando matatu ya kumi na mawili. Kijana wa dukani akauliza yanakwenda wapi. Nilipotaja Kalya akaacha risiti katikati, akarudi kuyafunga upya, mkanda mara mbili badala ya mara moja. "Dada, haya hayashushwi nchi kavu," akasema. "Haya yanashushwa hewani." Nikacheka, nikidhani ni utani wa watu wa Kigoma.

Kutoka dukani hadi bandarini ni mkokoteni. Getini nikalipa tozo ya bandari, risiti. Dirisha la pili nikalipia mzigo, risiti. La tatu tiketi yangu, daraja la pili, risiti. Nimezibandika zote hapa daftarini; mimi ni mhasibu, ndivyo nilivyo. Na nilipozipanga ndipo nikaliona jambo. Treni iliyonitoa Dar ni ya Kampuni ya Reli. Gati ni la Mamlaka ya Bandari. Meli, Liemba, ni ya Kampuni ya Huduma za Meli, MSCL, makao yake Mwanza. Zote za serikali. Tangu nitoke nyumbani, vyombo vya watu binafsi nilivyovipanda au kuvikodi ni daladala na huu mkokoteni.

Na mimi ndiye ninayejulikana ofisini kwa kusema mashirika ya umma yafungwe au yauzwe. Nimekua katika miaka ya ubinafsishaji. Niliona benki ya NBC ikigawanywa 1997, nikaona reli ikikodishwa kwa kampuni ya RITES ya India 2007 na kurudi mikononi mwa serikali 2011. Baba alikuwa karani wa reli Tabora. Yeye hakuwahi kunibishia, alikuwa akinisikiliza tu, halafu anaomba chai.

Jumatano, gatini

Liemba imefungwa gatini tangu alfajiri, makuli wanaingia na kutoka kama siafu. Winchi ya mbele inainua wavu mmoja baada ya mwingine. Saruji, sukari, magodoro yaliyobanwa kama mikate, kreti za soda, katoni za sabuni, madumu matupu yanayokwenda kujazwa mawese. Mabati yangu yamelazwa chini, daraja la tatu, karibu na mlango wa ubavuni, kwa amri ya baharia mmoja aliyeniuliza neno moja tu, "Wapi?" Nikamjibu, akanyoosha kidole, vijana wakayatupa hapo. Anajua mzigo wa kituo gani unalala wapi, na hana karatasi mkononi. Kidogo nimwombe orodha.

Tumeondoka saa kumi na nusu jioni. Honi ya meli hii ina kishindo, unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni.

Kwenye benchi la sitaha ya juu nimekaa na mzee wa Ujiji, anauza vitenge, anashukia Kasanga. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Safari ya kwanza?" Ameona ninavyoshikilia chuma.

Hadithi ya Liemba kila mtu wa Kigoma anayo na kila mtu ana yake. Ninayoijua kwa uhakika ni hii. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam ikiwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikapanda reli hadi Kigoma na kuunganishwa upya hapo hapo. Februari 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen, yule gavana aliyekuwepo wakati wa Majimaji. Julai 1916 Wajerumani wakaona vita imewalemea, wakapaka injini grisi nzito na kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilijengwa ili ibebe abiria na mizigo, lakini vita ikaiwahi. Ilipoopolewa, ilikuta kazi bado inaisubiri.

Mzee anaikumbuka enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Nilipomwambia kazi yangu akageuka mwili mzima.

"Mhasibu? Basi niambie. Meli hii inapata faida?"

Nikamwambia sijaona vitabu vyake, ila kwa macho, haipati. Injini kubwa, vituo vingi, abiria maskini.

"Ni kama kisima cha msikiti," akasema. "Hakuna anayeuliza kisima kimeingiza shilingi ngapi. Lakini kamba ikikatika, hapo sasa utawaona waumini wanaangaliana. Nani anunue kamba?"

Akavuta kitenge akajifunika, akalala. Mimi usingizi ukanipaa.

Jumatano usiku, Lagosa

Ilikuwa saa saba kasoro. Injini ikapungua, honi ikalia mara mbili, na kule gizani ambako sikuona kitu kukaanza kutokea taa. Mbili, tano, kisha sikuzihesabu tena. Lagosa haina gati la meli hii kufungwa. Meli inasimama kwenye maji yenye kina, na kijiji kinaifuata kwa mitumbwi na maboti.

Nilishuka daraja la tatu kuangalia. Sasa nikamwelewa yule kijana wa Mwanga.

Mlango wa ubavuni uko wazi, na chini yake maboti saba au nane yanagombania nafasi, yanagongana, yanapanda na kushuka kwa wimbi. Wanaoshuka na wanaopanda wanatumia tundu moja kwa wakati mmoja. Mama mmoja amepandishwa kwa kushikwa mikono yote miwili, mtoto akatangulizwa kama furushi, kisha gunia la dagaa, kisha kuku watatu wamefungwa miguu. Kwenda chini akapita muuguzi wa zahanati. Huyu nilimwona tangu Kigoma, amekalia katoni zake za dawa safari nzima na hakuziacha hata kwenda kula. Alizishusha kwa kamba moja moja, akazihesabu kwa sauti hadi ya mwisho, halafu akavua viatu, akavitia kwenye mkoba, akaruka. Nyuma yake Wazungu wawili waliokuwa wakienda Mahale kuona sokwe. Walirukia boti lile lile la dawa. Hakuna mlango wa watalii.

Nikawasha saa ya simu. Ugonjwa wa kazi huo. Tulisimama dakika arobaini na saba. Walioshuka niliwahesabu thelathini na mmoja, waliopanda hamsini na kitu. Nikaanza kupiga hesabu ya mafuta yanayoungua wakati meli imesimama, mishahara ya mabaharia usiku, nauli za daraja la tatu za vituo viwili vitatu. Hata ukiwa mkarimu, kituo kama hiki hakijilipi. Mwenye meli mwenye akili timamu angekifuta, na vingine karibu kumi kama hiki. Angetoka Kigoma akasimama Kipili, Kasanga, Mpulungu, basi. Angebeba shehena ya Zambia, abiria wa mwambao angewaachia maboti ya mbao. Na angepata faida nzuri tu.

Niliandika hesabu hiyo, nikaizungushia duara. Kisha nikabaki nikiangalia taa ya boti la muuguzi ikienda ufukweni, haionekani ikiwa chini ya wimbi, inaonekana tena.

Alhamisi alfajiri

Zamu yangu ilifika saa kumi na moja, mbingu imeanza kuwa na rangi ya majivu. Upepo wa kusi ulikuwa haujaisha, mwezi wa tisa bado una mabaki yake. Mjomba alikuwa kwenye boti la pili, amesimama, anapunga mikono yote miwili. Ana miaka sabini na moja.

Bando la kwanza likashuka vizuri. Baharia wawili juu, vijana wawili chini, na yule wa "Wapi?" anatoa amri: subiri, subiri, boti linapanda, achia. Siri yote iko hapo. Unaachia boti linapopanda, si linaposhuka. Bando la pili hivyo hivyo. La tatu, boti la jirani likagonga letu ubavuni wakati bando liko hewani. Kijana wa chini akashika upande mmoja tu. Mkanda ukahama, mabati yakafunguka kama kurasa za kitabu, na matatu yakateleza.

Hayakuzama mara moja. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Yalilala juu ya maji kidogo, yakiwa yamelaliana kama pweza anayejikunja, kisha moja likainamisha ukingo, likaanza kwenda chini kwa kuyumba, kulia, kushoto, linang'aa, kama samaki bapa anayejua anakokwenda. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 kwenye shimo lake kubwa. Hapo tulipo si shimo, lakini mabati hayajui.

Mjomba akatazama maji. Akasema, "Thelathini na matatu." Halafu: "Ruka, mama, usiangalie chini."

Nikaruka. Nilianguka juu ya mabati yaliyosalia, nikachubuka kiwiko. Vijana wa boti walinicheka kwa adabu. Yule aliyeshika upande mmoja hakucheka. Alinisogelea na kuniomba radhi mara tatu, na mjomba akamwambia yaishe, ziwa nalo lina kodi yake.

Alhamisi, kijijini

Nyumba ni ya tofali za kuchoma, vyumba viwili na ukumbi, imesimama wima na mbao za kenchi tayari juu. Kweli imebaki kofia. Vijana walibeba mabando vichwani kutoka ufukweni, watatu watatu, na watoto wa shule wakawafuata kana kwamba ni mazishi ya mtu mkubwa.

Nimekunywa chai, nimelala hadi saa tisa. Nilipoamka mjomba alikuwa amelifungua daftari langu kwenye mkeka, risiti zote ziko mbele yake. Yeye hakusoma uhasibu lakini alivua samaki miaka arobaini kwa mkopo, na mtu wa mkopo anajua hesabu. Alinionyesha. Boti la mbao lingeniomba karibu mara mbili kwa mzigo ule, na lingebeba bando moja kwa safari, kwa sababu bati ni pana, likishika upepo linageuza chombo. Mfuko wa saruji alioununua mwaka jana kwa msimu ambao meli ilikuwa matengenezoni ulimtoka jasho. Ule wa mwaka huu umekuja kwa Liemba na ukabakisha pesa ya misumari.

"Meli ikikosa safari mbili," akasema, "chumvi inapanda. Ikikosa nne, wenye maduka wanaanza kukufahamu kwa jina la baba yako."

Nikamuuliza kama anajua meli ni ya nani. "Ya serikali." Je, anajua kampuni inayoiendesha? Hakujua jina. Aliona swali halina maana. Kwake ni "meli" tu. Maboti mengine yote yana majina ya wenyewe.

Ijumaa

Fundi amekuja na msaidizi. Misumari, kelele, jua. Nimekula migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo mara mbili, na sina jambo jingine la kuandika.

Jumamosi, ufukweni

Paa limekwisha isipokuwa kona ya jikoni, upana wa mabati matatu. Kutoka ziwani nyumba inang'aa kote, na kona hiyo imekaa nyeusi kama jino lililong'oka.

Meli inarudi kutoka Mpulungu usiku wa leo. Hakuna anayejua saa kamili, lakini wapo wanaojua njia ya kujua. Kijana mmoja anapanda kilima kila baada ya saa mbili kutafuta mtandao na kumpigia shemeji yake wa Ikola. "Bado." "Bado." "Imepakia, inaondoka." Hapo ndipo watu wanaanza kushusha mizigo ufukweni na kuwasha moto.

Mchana niliwasaidia kina mama kugeuza dagaa kwenye mchanga. Niseme ukweli, niliwachelewesha. Wao wanatupa kwa kiganja, wanatandaa sawasawa kama mtu anayepanda mtama. Mimi nilikuwa naacha vichuguu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa karabai. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo kuna wiki za kuanika na wiki za kukaa, na meli nayo kwa sasa inapita kila baada ya wiki mbili. Kalenda hizo mbili zikikutana vizuri, mama anauza gunia Kigoma kwa bei ya Kigoma. Zikipishana, anamuuzia mchuuzi anayekuja na boti, na mchuuzi anajua zimepishana. "Bei anaipanga mwenye chombo," akaniambia dada mmoja, jina lake nalihifadhi. "Liemba haipangi bei ya dagaa wangu. Inanibeba tu."

Kwenye moto wa jioni tulikuwa kama watu arobaini. Mwalimu mmoja anakwenda benki Kigoma. Darasa lake ameliachia mwenzake, na atarudi na meli ijayo. Wiki mbili kufuata mshahara. Nilitaka kusema kitu nikanyamaza. Binti mjamzito, amekaa na mama mkwe, miguu imevimba, anakwenda kusubiri uchungu mjini karibu na hospitali ya Maweni, maana mtoto wa kwanza alimpoteza. Vijana wawili wenye magunia ya mchele. Mkongo mmoja, Mbembe, aliyekuja kusalimia ndugu, Kiswahili chake kitamu kuliko changu, anasema "sisi wa ng'ambo" na kuonyesha giza la magharibi kwa kidevu.

Nililifungua daftari kwenye ile hesabu ya Lagosa niliyoizungushia duara. Si kwamba ilikuwa na kosa. Ni sahihi, kituo hakijilipi. Kosa lilikuwa mahali nilipoiandika. Nimeiandika upande wa meli tu. Upande wa pili wa kitabu hakuna anayeujaza. Tofauti ya bei ya gunia la dagaa, mfuko wa saruji, dawa zilizofika kwa tarehe yake, huyu binti. Hizo zote ni fedha au zaidi ya fedha, lakini hazirudi kwa kampuni, zinabaki huku. Kampuni inabaki na mafuta yaliyoungua.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwa wepesi kwamba shirika la umma halihitaji kufikiria faida. Linahitaji. Huwezi kuiambia kampuni moja, kwa mdomo mmoja, simama kila kijiji kwa nauli ya maskini, na kwa mdomo mwingine, jitegemee, tengeneza injini kwa mapato yako. Ukifanya hivyo utapata meli isiyosimama kila kijiji au meli yenye injini mbovu, na mara nyingi utapata zote mbili. Njia ya uaminifu ni kukaa chini, kuhesabu vituo visivyolipa kimoja kimoja, na serikali ikavilipia kwa jina lake, kwenye bajeti, mstari unaosomeka: huduma ya Lagosa, huduma ya Sibwesa, kiasi fulani. Hapo sasa meneja akileta hasara nyingine unamuuliza vizuri, hana pa kujifichia. Bila mstari huo, uzembe na wema vinaingia kwenye shimo moja la hasara na hakuna anayeweza kuvitofautisha. Mimi mwenyewe kwa miaka kumi sikuvitofautisha.

Mzee wa vitenge alilisema kwa maneno machache zaidi. Nani anunue kamba.

Honi ililia saa sita na robo usiku. Binti alipandishwa wa kwanza. Hakuna aliyetoa amri. Maboti mengine yalirudi nyuma tu, yakasubiri. Mabaharia walimshika kwapani, mmoja akapiga magoti kwenye ukingo wa mlango ili asivutwe tumbo. Dakika nyingi zilipita kwa mtu mmoja. Sikuwasha saa.

Jumapili, njiani na Kigoma

Nimerudi na debe la mchele, mawese lita tano na dagaa wa kutosha ofisi nzima, ambao behewani watanitambulisha kabla sijasema jina.

Yule baharia wa "Wapi?" leo alikuwa na nafasi. Ameanza kazi kijana. Anasema safari asizozisahau ni za 1997, walipokuwa wakirudisha wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma hadi Uvira. Safari ishirini na mbili, watu zaidi ya 75,000. Wengine walipanda wakiwa na mlango wa nyumba begani. "Mlango tu," akasema, "kwa sababu ukuta utajenga, mlango huupati." (Naongeza baadaye: Mei 2015, Warundi walipojazana Kagunga, ufukwe mwembamba chini ya mlima, mpakani kabisa, waliletwa Kigoma kwa meli hii hii. Nilisoma gazetini nikiwa Dar, nikamfikiria.)

Nilimuuliza kwa nini haandiki mzigo wa nani uko wapi. Akanitazama kwa huruma kidogo. "Dada, karatasi inalowa."

Tumefunga gatini mchana. Binti na mama mkwe wake walishuka polepole kwa ngazi, ngazi ya kweli ya nchi kavu, wakapanda bajaji. Niliwapungia lakini hawakuniona.

Oktoba, Dar es Salaam

Nimeweka ukurasa huu mwisho kwa sababu hesabu ilikuwa haijafungwa. Mjomba amepiga simu leo kutoka juu ya kilima, upepo unapiga kwenye simu. Mvua ya kwanza imenyesha usiku. Vyumba vyote vikavu. Ile kona ya jikoni ameiezeka kwa nyasi kwa muda, inavuja kwenye mafiga, shangazi analalamika.

"Meli ikipata safari, niletee mabati mengine," akasema.

"Matatu, mjomba."

"Manne," akasema. "Moja la ziwa."